Maji ya Gesi Nyumbani kwa Bibi

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu nikiwa bado kazini Zegereni, akaniambia nikitoka nipite dukani kwake, pale kituo cha Kwa Mathias, kuna kitu anataka nikione. Unazijua simu za vijana. Kitu cha kuonwa kinaweza kuwa pikipiki, kinaweza kuwa mchumba, kinaweza kuwa viatu. Nikavua koti la kiwandani, nikanawa harufu ya sabuni ninazozipanga kwenye maboksi kutwa nzima, nikaenda nimejiandaa kwa mchumba.

Duka lake ni la juisi. Liko nyuma kidogo ya kituo, na basi la Morogoro likisimama unawasikia wapiga debe kama wamo humo humo ndani. Alinivutia kiti cha plastiki, akasema, "Shikamoo shangazi. Leo unakunywa kitu ambacho Kibaha nzima hawana." Akatoa chini ya kaunta chupa ya chuma inayong'aa, kichwani ina mkono wa kubonyeza na mdomo ulioinama. Akaweka glasi yenye juisi ya ukwaju chini ya ule mdomo, akabonyeza. Ikalia chwaaa, povu likapanda.

Mate yalinijaa mdomoni, kisha yakakauka. Nilisimama nikatoka nje, nikakaa kando ya muuza karanga. Kijana alinifuata akiwa na ile glasi mkononi, akaniuliza kama nimepata simu ya msiba. Nilimwambia hapana, ni joto tu. Lakini hakukosea sana. Msiba ulikuwepo, ila wa zamani, na kwa kuwa yeye sikumsimulia siku ile, acha nikusimulie wewe.

Mimi nililelewa Kisarawe, kwa bibi mzaa mama. Mama alikuwa mjini akifanya kazi za watu, kaka yangu akasoma huko huko, mimi nikaachwa kijijini na bibi na mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho kuzaliwa. Kijiji chetu kilikuwa mbele ya mjini Kisarawe, unashuka njia ya mchanga mwekundu katikati ya mikorosho mpaka viatu vinabadilika rangi. Nyumba ilikuwa ya udongo, paa la bati, uwanja mpana ambao ilikuwa kazi yangu kuufagia kabla jua halijatoka. Ukinipa leo ufagio wa njukuti za mnazi nitakuchorea ile mistari kama nilivyoichora wakati ule, kwa maana bibi alikuwa akitoka na kuikagua, na mstari uliopinda ulirudiwa.

Asubuhi ilikuwa na sauti zake. Shoka la wachoma mkaa kule mabondeni, kinu cha jirani, redio ya mama mdogo iliyofungwa kwa mpira. Kulikuwa na harufu ya korosho zinazobanguliwa, ule moshi unaokaba koo na kukuwasha macho, na harufu ya makopa ya mihogo yanayoanikwa juu ya jamvi. Tulikula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, mchana ugali na kisamvu cha nazi, na siku ya Ijumaa, kama mambo yamekaa sawa, wali. Sisemi uongo nikisema sijala kisamvu kama kile tena. Mama mdogo alikuwa akikitwanga huku anacheka, na akicheka hata mwenye njaa anasahau.

Sasa ndani ya nyumba hiyo ya udongo, kwenye kabati la vioo lenye kitambaa cha kufuma, kulikuwa na sifoni.

Babu ndiye aliyeileta. Alikuwa mhudumu wa miaka mingi katika klabu moja ya wakubwa kule mjini, wa kuvaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, na klabu ilipofungwa aliondoka na ile chupa na maboksi kadhaa ya vidude vyake. Mimi sikumkuta babu hai. Nilimjua kwa sifoni. Ilikuwa chupa nene ya kioo cha rangi ya maji ya bahari, imevishwa wavu wa waya mwili mzima. Bibi alisema wavu ule ulikuwa na sababu: kule klabuni moja isiyo na wavu ilipata ufa mdogo, ikajazwa hivyo hivyo, ikapasuka na kumtoboa mpishi mkono. Ndani yake kulikuwa na mrija mrefu wa kioo uliotoka kichwani ukashuka mpaka karibu kugusa chini. Vile vidude vilikuwa vya chuma, urefu wa kidole, vyenye shingo nyembamba, vimejaa gesi. Sisi tuliviita risasi, na sidhani kama kuna aliyejua jina jingine.

Bibi alinifundisha kuitumia nikiwa na miaka tisa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kukaza. Unajaza maji ya kisima yaliyochujwa na kupozwa mtungini. Hujazi mpaka juu, unaacha vidole vinne. Unafunga kichwa kwa nguvu. Unaweka risasi ndani ya kikombe chake cha chuma, unakizungusha pembeni ya kichwa mpaka unasikia tsss, risasi imetobolewa, na chupa inakuwa baridi mkononi mwako. Unaitikisa, unaiacha itulie. Halafu unabonyeza taratibu, na bibi anasema nyuma yako, "Usiielekezee uso."

Yale maji yalikuwa na heshima yake. Siku ya Idi watoto wa kijiji walijipanga uwanjani, kila mmoja akapata kijiko kimoja, na kuna waliokaa na kijiko mdomoni mpaka wakafukuzwa. Wageni wakubwa walitengenezewa sharubati ya ndimu na kumaliziwa na maji ya gesi mbele ya macho yao. Na zaidi ya yote yalikuwa dawa. Mtu tumbo limemjaa, anakuja kwa bibi. Anakunywa nusu glasi, anakaa, anacheua. Akicheua, bibi anasema, "Umetoka," kwa maana ya ugonjwa, na mtu anaondoka anashukuru. Wengi walipona kweli, kwa sababu wengi walikuwa wamekula maharage tu.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu wa sayansi alisikia habari za sifoni, akaomba kuiona. Alikuwa kijana wa Kibaha, mkristo, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni kila siku. Bibi alimkaribisha, nikambonyezea glasi moja, akanywa akafurahi, na kesho yake akaichora ubaoni. Bado naiona ile chupa ya chaki. Alitueleza kwamba gesi ikiingia, nyingine inazama ndani ya maji na nyingine inakaa juu yake, kwenye ile nafasi ya vidole vinne, na inayokaa juu inayakandamiza maji. Maji yanatafuta pa kutokea. Pa kutokea ni mahali pamoja tu, kwenye mrija, na mrija umefungwa kichwani. Ukibonyeza mkono unafungua mlango, na maji yanapanda mrija na kutoka. "Hakuna anayeyavuta," alisema. "Yanasukumwa."

Niliiandika sentensi ile kwenye daftari nikaipigia mstari. Nilikuwa mtoto mwenye kujiona, nikiri. Darasa zima chupa ilikuwa kwetu, na kuanzia siku ile nikajiona nina sayansi nzima kichwani. Kila aliyekuja kutibiwa tumbo nilimweleza habari ya kusukumwa, na watu wazima walinisikiliza wakitikisa vichwa. Bibi alikuwa akisema mbele ya wageni, "Huyu amesomea."

Mwaka huo huo mama mdogo akaposwa. Mchumba alikuwa fundi uashi wa Mbwawa, huko Kibaha, mtu wa maneno machache, na mama mdogo alimpenda waziwazi mpaka bibi akawa anamkanya. Mipango ikawa mambo yakitulia nami nihamie kwao Mbwawa nikasome sekondari. Tulilizungumza jambo hilo usiku na mchana, mimi na yeye, tumelala kitanda kimoja. Alikwishaniambia chumba changu kitakuwa na dirisha la upande gani.

Kwetu binti akikaribia ndoa anawekwa ndani. Haonekani nje, hapigwi na jua, anasuguliwa singo na liwa mpaka ngozi inang'aa, na somo yake anakaa naye akimfunda. Somo wa mama mdogo alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, aliyekuwa amewafunda wasichana wa vijiji vitatu na hakuna aliyewahi kumbishia. Mlango wa chumba ukawekewa pazia. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu nilikuwa mtoto. Nilimpelekea uji na kumchekesha kwa umbea wa shuleni, na yeye alilalamika kwamba ananukia kama duka la Mhindi.

Risasi zilikuwa zimebaki sita. Huko mjini hazikupatikana tena. Bibi alikuwa amezificha ndani ya kopo la maziwa kwa ajili ya siku ya ndoa, wakwe wa Mbwawa waje wamiminiwe sharubati ya gesi uwanjani, watu waone binti ametoka katika nyumba gani. Alikuwa akilitikisa lile kopo kila baada ya siku chache kusikia kama zimo.

Zilipobaki wiki mbili kabla ya ndoa, mama mdogo akaanza kuumwa tumbo. Ilianzia kitovuni, akatapika uji, jioni maumivu yakashuka chini upande wa kulia yakakaa hapo hapo. Bibi hakusita. Akafungua lile kopo, akatoa risasi ya kwanza akanipa. Nikatengeneza, nikabonyeza, mama mdogo akanywa glasi mbili akacheua. Bibi akasema, "Umetoka." Tukalala.

Kesho yake alikuwa amejikunja, magoti kifuani, na jasho. Tukatumia risasi ya pili, na mchana ya tatu. Kila akicheua, nyuso zetu zilikuwa zikifunguka, naye akaliona hilo. Leo najua kwamba alikuwa akijilazimisha, anameza hewa na kuitoa ili sisi tufurahi. Aliniambia, "Bonyeza tena mwanangu, labda safari hii tumbo litasikia." Alikuwa anatania, na mdomo wake ulikuwa mweupe.

Alasiri ile alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nipelekeni hospitali."

Nataka uisikie vizuri sehemu hii, maana ndiyo niliyoizunguka miaka yote. Bibi alisimama. Akachukua kanga yake ya kutokea, akasema atakwenda kwa jirani mwenye pikapu ya kubebea mkaa. Somo alikuwa amekaa mlangoni, akamwambia bila kuinua sauti, "Mwali unamtoa juani? Tena tumbo la chini. Wiki mbili kabla ya ndoa. Watu wataanza kuhesabu miezi." Bibi akasimama pale pale na kanga mkononi. Alimtazama mwanawe, akamtazama somo. Nakuambia alikuwa anakwenda. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti.

Mimi nikasema, "Mwalimu amesema gesi inasukuma. Tumbo ni kama chupa. Ikijaa ya kutosha itasukuma ugonjwa wote utoke. Hazijatosha tu."

Mwalimu hakusema hivyo. Hakusema neno hata moja kuhusu tumbo la mtu. Nilitaka nisikilizwe, basi. Nilitaka chupa yetu na sayansi yangu viwe ndivyo vilivyomponya mama mdogo, na nililiweka jina la mwalimu mbele kwa sababu nilijua bibi, ambaye hakusoma, hawezi kulipinga. Aliniuliza, "Mwalimu kasema?" Nikasema ndiyo. Bibi akaitundika kanga yake ukutani.

Siku ya tatu asubuhi tukatumia risasi ya nne na ya tano. Mchana, mimi nikiwa nimeishika glasi, mama mdogo akashusha pumzi ndefu, akanyoosha miguu. Alisema maumivu yamekatika. Yamekatika kabisa, kama kamba. Akakaa kitako, akanywa uji vijiko vitatu, akaniuliza habari za shule. Ungemuona bibi. Alitoka uwanjani akainua mikono juu akashukuru, na somo akapiga kigelegele kidogo, cha chini chini, jirani wasisikie. Mimi nilivimba kichwa. Nilijiona kama daktari.

Bibi aliishika risasi ya sita akaigeuzageuza. Akasema, "Hii moja tuwawekee wakwe. Hata kama ni bilauri moja ya baba mkwe." Akairudisha kwenye kopo.

Alfajiri ya siku ya nne mama mdogo alikuwa na homa kali na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Alipoguswa alipiga kelele moja tu, baada ya hapo hakuwa na nguvu ya nyingine. Safari hii hakuna aliyezungumza habari ya jua. Jirani alikuja na pikapu yake, tukatandika magunia juu ya vumbi la mkaa na godoro juu ya magunia, tukamfunika kanga mbili asionekane, na bibi akampakata kichwa njia nzima. Mimi nilishika kikapu cha chupa ya chai. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, bibi alisema "pole mama, pole mama", akimwita mwanawe mama, na mimi nilikuwa nikiomba tufike ili waseme ni homa tu.

Walimpokea haraka na kumfanyia walichoweza. Alifariki kabla ya adhuhuri. Ngozi yake ilikuwa bado inang'aa singo.

Bibi alibaki ndani na mwanawe. Daktari alitoka kwenye korido akazungumza na jirani, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee aliyekuja nasi, na mimi nilikuwa nyuma ya jirani na kikapu changu, hakuna aliyeniona. Alisema ni kidole tumbo. Kilikuwa kimepasuka, usaha umesambaa tumbo zima. Akauliza, "Kuna siku maumivu yaliisha ghafla?" Jirani akasema alisikia hivyo, jana. Daktari akasema ndipo kilipopasuka. "Mngemleta siku ile ya pili tungekikata, leo angekuwa anakunywa uji." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jirani aligeuka akanikuta. Alikuwa na masizi ya mkaa usoni, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Haya yaishie hapa. Bibi yako asiyasikie, yatamuua." Nikaitikia. Tulimzika siku ile ile, magharibi. Mchumba alikuja kutoka Mbwawa kesho yake, akakaa kwenye jamvi la wanaume siku mbili bila kula, akaondoka.

Siku ya arobaini, watu walipotawanyika, bibi alinikuta nasugua sufuria. Alikuwa ameishika ile risasi. Akasema, "Hii ndiyo ingemmalizia. Alikuwa ameanza kupona, ukasema mwenyewe hazijatosha, mimi nikaikata dawa nikaiweka kwa ajili ya wageni. Mwanangu kafa kwa kunyimwa bilauri ya maji." Halafu akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu, kama wanawake wanavyofunga hela za sokoni.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Risasi ya sita isingemsaidia, wala ya sitini. Lakini ili nimwondolee ile risasi ilibidi nimpe ile siku ya pili, mguu wake mmoja nje ya kizingiti, kanga mkononi. Nikajiambia nimeagizwa ninyamaze, na kwamba namhurumia. Kuhurumia kulikuwemo. Lakini siku ya pili ile ilikuwa na mtu mwingine ndani yake, mtoto aliyesema mwalimu amesema, na huyo ndiye niliyemficha zaidi. Nikaendelea kusugua sufuria.

Sifoni haikutumika tena. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Siku ya kuaga alinipa moja ya zile kalamu mbili, akasema nisiache sayansi. Niliiacha. Sekondari nilisoma, lakini si Mbwawa kwa mama mdogo, na kila tulipofika kwenye mambo ya gesi na mgandamizo nilikuwa natazama dirishani.

Nilipopata kazi nikamchukua bibi. Mambo yana utani wake mbaya: kiwanja nilichokipata kilikuwa Mbwawa. Nikajenga vyumba viwili, kimoja chake, na cha kwake nikakiwekea dirisha upande ule mama mdogo aliousema. Yule fundi uashi yupo mpaka leo, mzee sasa, ana wajukuu. Tunapishana njiani, namwamkia, ananiitikia marahaba bila kujua mimi ni nani. Sijawahi kumwambia.

Bibi alibadilisha kanga nyingi katika miaka hiyo, na kila kanga ikichakaa alifungua fundo na kulihamishia kwenye mpya. Nilikuwa nikifua nguo zake nakuta fundo limetolewa, nikimrudishia kanga analifunga tena. Mwaka wake wa mwisho, macho yamekwisha, alikuwa ananiuliza jambo moja asubuhi na jioni. "Hivi ningempa ile ya sita, mjukuu wangu?" Nilikuwa namjibu kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Siku moja akasema, "Mungu alinipa sita." Hakuuliza tena. Aliishi kama wiki tatu baada ya hapo, na waliomwosha walinipa fundo likiwa zima, hawakujua ni nini.

Nyumba ya Kisarawe haipo. Mikorosho ilikatwa, pamepimwa viwanja, mahali pa uwanja wangu wa mistari pana ukuta wa matofali na geti. Jirani wa pikapu alitangulia zamani. Hakuna anayewapanga watoto siku ya Idi na kuwapa kijiko cha maji, na ukimpa mtoto wa leo kijiko cha soda atakuuliza chupa iko wapi. Nilikwenda kuitafuta sifoni kwa ndugu walioigawana ile nyumba, nikaambiwa ilivunjika siku ya kuhamisha vyombo. Waliniambia wavu ulibaki, wakaufanyia tenga la vifaranga.

Jumapili iliyopita nilirudi Kwa Mathias. Nilimkuta kijana anafungua duka. Nikafungua fundo la bibi, nikaweka risasi juu ya kaunta. Ilikuwa imeota kutu shingoni, lakini nzito bado. Aliishika, akailinganisha na zake, akacheka. "Shangazi, hii ya kale, lakini saizi ile ile. Umeitoa wapi?" Nikamwambia ilikuwa ya bibi. Akaniuliza kama ajaribu. Nikasema ajaribu.

Alijaza maji mpaka juu, nikamwambia apunguze, aache vidole vinne. Akanitazama mara mbili. Akafunga kichwa, akazungusha risasi, na ikalia tsss, gesi yote imo, ilikuwa imekaa mle ndani miaka yote hiyo ikisubiri wakwe. Nikachukua glasi mwenyewe. Nikabonyeza taratibu, uso nimeugeuza pembeni. Nikanywa. Yalinichoma ulimi kidogo, nikacheua kama kila mtu anavyocheua, halafu yakawa maji.

Kijana aliegemea kaunta. "Kumbe unaijua hii kitu. Hebu nieleze basi, wateja wananiuliza mimi sina jibu. Inafanyaje kazi?"

Nilimweleza yote, kama mwalimu alivyoeleza ubaoni. Gesi inakaa juu. Inayakandamiza maji. Maji hayana pa kwenda ila mrija, ukibonyeza unayafungulia. Akasema anadhani amesikia pia kwamba inasaidia tumbo.

"Gesi inasukuma maji," nikamwambia. "Hakuna kingine inachosukuma."

Akasema, "Basi?"

Nikasema basi.